Kiangazi Ambacho Mtaa wa Tenter Haukuzika Mtoto

Zillah Aspinall alizaliwa Mtaa wa Tenter, akaolewa Mtaa wa Tenter, na kabla hajatimiza miaka thelathini alikuwa ameshatoa majeneza mawili madogo kwenye mlango uleule wa Mtaa wa Tenter. La kwanza lilikuwa la Wilfred, Agosti ya mwaka 1919. La pili la Annis, Agosti ya 1921, ule mwaka ambao mvua ilisahau kabisa mji wa Hagshaw. Wote wawili waliondoka kwa namna moja. Asubuhi mtoto anaharisha, jioni macho yameingia ndani, siku ya tatu majirani wameshusha mapazia kwa ajili ya msiba.

"Huyu hakuwa wa kukaa," Bibi Pickup alisema mara zote mbili, huku analia kuliko mama mwenyewe.

Bibi Pickup ndiye aliyekuwa akiwalea. Mtaani pale wanawake karibu wote walikuwa wafumaji, kila mmoja na mitambo yake minne kiwandani, na saa moja na nusu asubuhi walikwishaondoka na viatu vyao vya mbao vikigonga mawe ya barabara kama mvua ya mawe. Watoto wachanga walibaki kwa Bibi Pickup, nyumba namba kumi na moja. Zillah mwenyewe alilelewa pale. Mikono ya bibi yule ilikuwa mipana na laini, na mtoto akiwekwa begani kwake hunyamaza. Hakuna aliyewaza kumlaumu. Mtu huwezi kumlaumu aliyekufuta kamasi.

Kila mwaka Daktari wa Afya wa wilaya alitoa ripoti yake, na gazeti la mji likaichapa. Ile ya mwaka wa jua kali ilisema kwamba katika kila watu elfu moja wa Hagshaw walikufa kumi na wanne, jambo ambalo si la kutisha. Lakini katika kila watoto elfu moja waliozaliwa, mia moja na ishirini na sita hawakufikisha mwaka. Kisha akataja mitaa iliyozidi. Wa kwanza kwenye orodha ulikuwa Tenter. Watoto sita chini ya mwaka, wanne wamekufa, wote kati ya Julai na Septemba, na sababu, aliandika, ni uchafu.

Mtaa uliwaka moto.

"Ati sisi wachafu!" alisema Mama Duckworth wa namba tano, akipiga gazeti kwa kiganja. "Aje hapa huyo daktari alambe kizingiti changu. Alambe! Ataona kama ulimi wake utapata hata chembe."

Na kweli, vizingiti vya Tenter vilikuwa fahari ya mji. Vilisuguliwa kila siku kwa jiwe la chokaa mpaka vikang'aa kama meno. Zillah alisoma ripoti ile mara tatu, taratibu, kwa sababu shule aliiacha akiwa na miaka kumi na miwili. Kilichomkaa moyoni hakikuwa neno la uchafu. Kilikuwa ile miezi. Julai, Agosti, Septemba. Kwa nini mauti yawe na msimu, kama matunda?

Mwishoni mwa Mei mwaka 1923 alijifungua tena. Mtoto wa kike, mdogo, mwekundu, mwenye sauti ya kushtaki. Wakamwita Clarice. Enoch, mumewe, alimtazama akatabasamu, kisha akageukia dirishani, kwa kuwa na yeye alijua kuhesabu miezi.

"Nitakuwa naye mpaka mwisho wa Juni tu," Zillah alisema. "Kisha narudi kiwandani."

"Kiwanda changu kinafanya siku tatu kwa wiki, Zillah. Ningekuwa na la kufanya..."

"Najua. Sikulaumu. Nahesabu tu."

Alikuwa na wiki tano. Baada ya hapo Clarice angekwenda kwa Bibi Pickup, na Agosti ingemkuta huko.

Basi ilikuwa desturi mjini pale kwamba mzazi hatoki nje ya mlango wake mpaka aende kanisani kushukuru uzazi. Kabla ya hapo hagusi cha mtu, hakanyagi kwa mtu, kwani atakapopita atapeleka mkosi. Kwa hiyo Zillah alikaa ndani, dirishani, mtoto kifuani. Na kwa sababu hiyo akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika maisha yake yote, nacho ni mtaa wake mwenyewe saa tatu asubuhi. Saa hizo tangu utotoni alikuwa darasani, na baadaye kiwandani, na uzazi wake wa kwanza na wa pili ulimkuta wakati wa baridi, mapazia yamefungwa.

Aliona majagi. Kila mwanamke, kabla ya kwenda kazini, aliacha jagi lake kizingitini. Jagi lililo wazi lilimwambia muuza maziwa, "tia." Jagi lililofunikwa kisahani lilimwambia, "leo hatutaki." Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za bibi zao. Bwana Haworth alipita na farasi wake saa mbili na nusu, kipimo cha bati mkononi, akamimina, akaenda zake. Majagi yakabaki pale pale, wazi, yamejaa, kwenye vizingiti vyeupe, juani, mpaka wenyewe warudi kula saa sita. La Bibi Pickup nalo lilikaa mpaka saa tano, maana mtu mwenye watoto sita mikononi hakimbilii jagi.

Na baada ya Haworth, siku za Jumanne na Ijumaa, ulipita mkokoteni wa vyoo. Mtaa wa Tenter ulikuwa na vyoo vya ndoo, nyuma ya nyumba. Wanaume wawili walizibeba ndoo zile kupitia vichochoro, wakazimwaga kwenye mkokoteni, wakapanda mtaani polepole. Nzi waliufuata kama watoto wanavyofuata bendi. Mkokoteni ukaondoka. Nzi wakabaki.

Zillah aliwatazama wakitua kwenye jagi la namba kumi na moja. Walitembea kwenye mdomo wa jagi, wakashuka ndani, wakapanda, wakafikicha miguu. Akahesabu tisa. Akaacha kuhesabu, akamkumbatia Clarice mpaka mtoto akalia.

Nesi Greenhalgh, yule wa baraza la mji anayezunguka nyumba zenye watoto wachanga, alipokuja kumtazama, Zillah alimweleza mambo hayo.

"Ndiyo, ni nzi," nesi alisema, amechoka. "Miaka miwili nawaambia. Wananifungulia mlango kwa upana wa pua yangu tu, kisha wananifungia."

"Kwa sababu unaanza na neno uchafu, nesi."

"Nianze na neno gani?"

Zillah hakujua. Lakini Ijumaa iliyofuata alifanya jambo ambalo mtaa ulilizungumza kwa miaka. Haworth alipopita, akamlaza mtoto, akachukua visahani vyote alivyokuwa navyo na vifuniko vya masufuria, akatoka nje. Akatoka, mzazi wa wiki mbili! Akatembea nyumba hadi nyumba akifunika majagi. Alifika namba kumi na moja, anainama, mlango ukafunguka.

"Zillah!" Bibi Pickup alishika kifua. "Hujaenda kanisani, na mkono wako uko kwenye jagi langu?"

"Nafunika tu, bibi. Nzi..."

"Nzi! Nzi wamekuwepo tangu nazaliwa! Wewe ndiye hujawahi kunifanyia hivi!"

Akalichukua jagi na kuyamwaga maziwa yote mferejini, mbele yake, jagi zima. Na saa sita wenzake waliporudi na kusikia, wakamwaga na wao. Maziwa yakateremka mtaa mzima, meupe, na nzi wakafanya karamu.

"Umetufanya kichekesho," alisema Enoch jioni ile, lakini bila ukali. "Mama Duckworth amenivaa mlangoni. Anasema chai yake aliinywa nyeusi kama kiatu."

"Ameinywa salama, basi," alisema Zillah. Halafu akalia, kwa sababu zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Hakulala vizuri siku zile. Aliwaza mengi, mengine ya kipumbavu. Kuhamia kwa shangazi yake kijijini. Kumfungia Haworth njia. Kila wazo liligonga mahali pamoja. Wanawake wa Tenter hawakuwa watu wa kuambiwa, na neno la mtu aliyewavunjia desturi lilikuwa limekwisha kazi. Na yeye alikuwa mmoja wao. Angeambiwa na nesi kwamba kizingiti chake ndicho kimemuua Annis, angemfungia mlango pia.

Ndipo akaikumbuka desturi nyingine. Kuivunja ile ya kwanza kulimponza. Hii ya pili aliamua kuitimiza mpaka mwisho.

Jumapili alimwendea kasisi akaomba afanyiwe ibada ya shukrani siku ileile, bila kungoja mwezi kamili. Kasisi alishangaa haraka yake, akafungua kitabu. Zillah akapiga magoti, akashukuru, na alishukuru kweli. Alipotoka, alimfunga Clarice kwenye shali nyeupe ya harusi ya mama yake na kuanza mtaa kutoka namba moja.

Sasa, mtoto mchanga anapoletwa nyumbani kwako mara ya kwanza, Hagshaw nzima inajua lazima umpe kitu. Yai, chumvi kidogo, kipande cha mkate, chochote kile. Ukimwacha aondoke mikono mitupu umemfunga bahati yake, na yako inamfuata. Hakuna mwanamke aliyewahi kuthubutu.

Mama Duckworth alifungua mlango, akaona shali, akanuna. Lakini mkono wake ulikwishafika kwenye kikapu cha mayai.

"Haya, namwona. Ana pua ya Enoch, maskini. Chukua yai."

"Hataki yai," alisema Zillah.

"Hataki nini?"

"Yai hataki. Anaomba zawadi nyingine. Anaomba jagi lako lifunikwe, kila siku, mpaka Septemba iishe. Weka kisahani juu hata kama unataka maziwa."

Mama Duckworth alimtazama kama mtu aliyeibiwa mfukoni mchana kweupe. "Mjanja wewe! Unanibana na mtoto?"

"Nakubana na mtoto, ndiyo. Unaweza kumnyima."

"Haworth ataona kisahani, atapita."

"Apite siku moja. Siku ya pili ana mitungi imejaa na jua linawaka. Tuone nani atachoka kwanza."

Mama Duckworth akaanza kucheka, kidogo kidogo, tumbo likitikisika. Haworth alikuwa hampendi mtu mtaani pale, na hakuna aliyempenda. "Kumtoa jasho yule mzee," alisema. "Hilo hata bila mtoto ningelifanya. Lakini yai uchukue pia. Nisipompa sitalala."

Hivyo hivyo, mlango hadi mlango. Wengine walibisha, wengine walitukana kwa upendo, mmoja alimwambia angefaa kuwa mwanasheria. Hakuna aliyemnyima mtoto. Kikapu kilijaa mayai.

Namba kumi na moja aliiacha ya mwisho.

Bibi Pickup alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono mapajani. Alimwangalia Clarice, hakuomba kumpakata.

"Nimesikia unachoomba," alisema. "Kuta nyembamba."

"Basi bibi unajua."

"Najua. Unasema mimi niliwaua Wilfred na Annis."

Zillah alikaa chini, sakafuni, kama alivyokuwa akikaa pale pale akiwa na miaka minne. "Sisemi hivyo. Ningesema hivyo ningekuletea huyu? Ninaye huyu mmoja tu, bibi, na mwisho wa mwezi nakupa wewe. Si mwingine. Wewe."

"Niliwapa maziwa mema. Nilikuwa nayaonja mwenyewe kwanza."

"Najua ulikuwa unayaonja."

"Yalikuwa matamu." Bibi aliitazama mikono yake. "Yalikuwa matamu, Zillah. Mtu angejuaje?"

"Hakuna aliyejua. Mimi mwenyewe nilikuwa naliacha jagi wazi. Kila siku. Nilikuwa nasugua kizingiti kwanza, halafu naliweka."

Clarice akapiga chafya, na mikono ile mipana ikanyooka yenyewe kumchukua. Bibi Pickup alimweka begani, akampigapiga mgongo. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida ya kugombeza, "Yule nesi wako alisema pia yachemshwe. Nikifunika na nisichemshe ni kazi ya nusu nusu. Mimi sifanyi kazi nusu. Niletee sufuria ile ya bluu, pale juu. Ile haijaungua."

Jumatatu asubuhi, Haworth aliingia Mtaa wa Tenter akakuta visahani ishirini na vitatu. Zillah alimwona dirishani akisimama, akivua kofia, akikuna kichwa. Alidhani wamefiwa. Kisha akapiga farasi, akapita bila kumimina tone.

Saa sita jua lilikuwa kali la kukaanga. Wanawake walikuwa wamekaa milangoni wanakula mkate uliopakwa mafuta ya nyama, chai nyeusi mikononi, wote wanatazama mwisho wa mtaa. Farasi akatokeza. Haworth alikuwa mwekundu kama tofali.

"Mna nini nyinyi? Mmeacha chai mtaa mzima?"

"Tunataka maziwa, Bwana Haworth," alijibu Mama Duckworth. "Siku zote tunayataka."

"Majagi yamefunikwa!"

"Ukikuta mtu amevaa kofia, humsalimii?"

Kicheko kilipanda mtaa mzima. "Kuanzia leo," alisema Zillah, akisimama na Clarice mkononi, "jagi lililofunikwa maana yake tia, na ukishatia ufunike. Lililopinduliwa chini juu maana yake hatutaki."

"Nina mikono miwili tu, mwanamke! Farasi, kipimo, sasa kisahani! Nitamaliza saa ngapi?"

"Leo utamaliza saa ngapi?" aliuliza Bibi Pickup kutoka mlangoni mwake, mpole kabisa, akinusa hewa. "Maana mtungi wako wa nyuma, mwanangu, umeanza kuchacha. Nausikia hapa."

Haworth alitazama mtungi. Akatazama vizingiti ishirini na vitatu, na wanawake ishirini na watatu. Akashuka. Akainua kisahani cha kwanza kwa vidole viwili, kana kwamba kitamng'ata, akamimina, akakirudisha.

"Kimekaa upande," alisema Mama Duckworth.

Akakinyoosha.

Zillah alirudi kiwandani Julai. Ile Julai joto lilipanda mpaka nyuzi zikawa zinakatika mitamboni, na kila honi ya saa sita alikimbia, viatu mkononi, mpaka namba kumi na moja. Kila siku alimkuta Bibi Pickup amemnyanyua mtoto dirishani, amwone kutoka mbali. Wiki ya pili ya Agosti, mkokoteni wa mazishi uliingia Mtaa wa Calder, jirani yao, mara mbili. Wiki ya tatu Clarice aliharisha. Zillah hakwenda kazini. Alikaa na kijiko cha maji yaliyochemshwa, akimdondoshea, akitazama macho yale kama yataingia ndani, na Bibi Pickup upande wa pili wa kitanda hakusema neno lake la zamani. Siku ya pili mtoto alitapika. Siku ya tatu aling'ang'ania titi kama mwizi, akashiba, akamtemea bibi mabegani.

"Huyu," alisema Bibi Pickup, akijifuta, "ana adabu mbaya sana. Atakaa."

Septemba ikaja na mvua. Mapazia ya Tenter hayakushushwa hata mara moja.

Ripoti ya Daktari wa Afya ilitoka majira ya machipuko. Mama Duckworth aliisoma kwa sauti, amesimama juu ya kiti jikoni kwake, nyumba imejaa mpaka ngazini. Katika kila watoto elfu moja wa Hagshaw, waliokufa kabla ya mwaka walikuwa themanini na wanane. Mtaa wa Tenter, ulisema ukurasa wa nne, watoto saba, vifo hakuna. Daktari aliandika kwamba sababu haikujulikana vizuri, huenda ni hali ya hewa.

"Hali ya hewa!" walipiga kelele wote pamoja, na Nesi Greenhalgh, ambaye safari hii alikuwa amepewa kiti na kikombe, alicheka mpaka akamwaga chai.

Jumapili ya Pentekoste, mji mzima ulipotembea kwa maandamano na bendi ya tarumbeta, watoto wa Tenter walitangulizwa mbele ya bendi. Saba, wote katika nguo nyeupe mpya. Watano walibebwa. Mmoja alilala ndani ya kigari chake cha kusukumwa, hajali. Clarice Aspinall, mwaka mmoja na wiki moja, alikataa kubebwa. Alishika kidole cha Bibi Pickup upande huu na cha mama yake upande ule, akaanza kutembea katikati ya barabara, hatua kwa hatua, akianguka kwa makalio na kuinuka. Bendi nzima ya mji wa Hagshaw, tarumbeta na ngoma kubwa na kasisi na bendera ya hariri, ikapunguza mwendo nyuma yake.

"Mbebe, Zillah," alinong'ona Enoch. "Unasimamisha mji."

"Usimame," alisema Zillah.